Rangi Nyekundu ya Fundi Kucha

Fundi Kucha hakupewa jina hilo kwa sababu ya kucha zake. Kucha zake zilikuwa zimeingia grisi mpaka kwenye nyama, na ya kidole gumba haikuwepo kabisa, ilibaki kwenye feni ya lori fulani miaka hiyo. Jina lilitokana na kichupa cha rangi nyekundu ambacho mke wake alinunua kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, akapaka mara moja, akajiona kituko, akakiacha dirishani. Fundi alikichukua akaenda nacho gereji. Tangu hapo kila nati aliyoikaza aliipaka mstari mwembamba uliopita juu ya nati na kushuka kwenye bolti. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Mstari ukikatika, nati imelegea. Mafundi wenzake walimcheka mpaka wakachoka, lakini wenye magari hawakucheka.

Mstari ule ulikuwa pia neno lake. Ukiona nyekundu chini ya gari, ujue Fundi Kucha mwenyewe amelala pale chini, amekaza, ameridhika. Na alikuwa mtu wa kujisikia, tusifichane. Mteja akimuuliza kama kazi imekwisha, hakumjibu. Alimpa tochi ainame akajionee.

Binti yake alipomaliza chuo cha ufundi na kuja kufanya kazi na baba, alipewa rangi yake mwenyewe, nyeupe. Fundi alimkabidhi kichupa mbele ya wateja, sauti ameipandisha kidogo ili wote wasikie.

"Mama, hii ndiyo saini yako. Usipake mpaka uwe tayari kuulizwa."

Wateja walitikisa vichwa kwa kuridhika. Maneno yalikuwa matamu kweli, na ndiyo yaliyokuja kumtafuna yeye mwenyewe.

Kitu ambacho hakumwambia mtu ni habari ya bega. Bega la kulia lilikuwa limeanza kumgomea. Asubuhi alivaa shati kwa kuanzia mkono huo mbovu, polepole, mlango umefungwa. Mke wake alijua, maana ndiye aliyemsugua dawa, lakini alikatazwa kusema. Binti alipoleta gereji spana ndefu yenye kipimo, ile inayolia tak nati ikifika inapotakiwa, baba aliipokea kwa vidole viwili na kuitundika ukutani.

"Hiyo ni ya wasioamini mkono wao," alisema.

"Sawa, baba," binti akajibu, akaenda kuitumia alipokuwa peke yake.

Sasa, kulikuwa na kundi la watu wa kazi za mezani na makoti meupe ambao kila kiangazi walitoka na magari yao marefu kwenda kuyatesa porini kwa starehe zao. Mimi starehe ya kulipia tope sijawahi kuielewa, lakini magari yale ndiyo yaliyoiweka gereji ya Fundi Kucha mjini. Kiongozi wao aliitwa Kamanda. Hakuwahi kuwa askari hata siku moja, alikuwa karani wa benki aliyestaafu, ila tangu alipopewa redio ya mkononi alianza kusema "pokea" na "nakupata" hata akiomba chumvi. Mwingine waliyemsikiliza sana alikuwa daktari wa meno, mtu mpole, mwenye gari la kijani alilolipenda kupita kiasi. Msafara ulikuwa na kanuni moja isiyobadilika, kwamba gari la mwisho ni la fundi. Yeyote akikwama, fundi atamkuta.

Mwaka huo Fundi Kucha alimchukua binti makusudi. Alimweleza Kamanda kabisa kwamba mwakani anataka binti ndiye aufuate msafara, yeye apumzike. Kamanda alijikuna kidevu.

"Hatukatai, mzee. Tumwone kwanza kazini."

Kwa hiyo safari ile ilikuwa mtihani wa binti, na kila mtu alijua. Kundi likimkubali, gereji imepata mrithi. Likimkataa, angebaki kuwa mtoto wa fundi anayeshika tochi.

Wiki ya safari, gari la daktari lilikuwa limeletwa kubadilishiwa viungo vya propela, kile chuma kirefu kinachopita chini ya gari kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Waligawana kazi. Binti alifunga upande wa mbele, baba upande wa nyuma. Daktari alipofika kuchukua gari lake, aliona miguu ya binti ikitokeza chini yake, akamsalimia miguu, wakacheka.

Fundi alikuwa ameshamaliza upande wake. Au tuseme alikuwa ameacha. Nati ya kwanza bega lilivumilia. Ya pili lilimchoma mpaka meno yakagongana. Alipovuta ya tatu na ya nne alihisi spana imegoma, akajiambia hapo imekaza, kumbe kilichogoma kilikuwa mkono. Alijua, moyoni alijua. Angeweza kusema, "Mama, njoo unimalizie hapa." Ni maneno machache tu. Badala yake alifungua kichupa akapaka nyekundu, mistari minne iliyonyooka vizuri.

*

Siku ya kwanza ya msafara ilikwenda vizuri. Binti alimzibia pancha mwalimu mmoja wa chuo kabla mwenyewe hajamaliza kutafuta jeki, na Kamanda akatangaza kwenye redio kwamba mtoto ana mkono mwepesi. Fundi aliketi kwenye gari lake amevimba kwa furaha, usingejua kama bega linauma.

Siku ya pili walivuka mto mkavu. Ukingo wa pili ulikuwa mkali, wa mawe na udongo mwekundu, magari yakapanda moja moja huku Kamanda akiwa juu anaelekeza kwa mikono. La daktari lilikuwa la mwisho kabla ya fundi. Mke wa daktari alikuwa pembeni yake, ameshika chupa ya chai mapajani.

Gari lilifika katikati ya kilima. Ikasikika paa! Kisha kelele ya chuma kikipiga chuma, mfululizo, na vumbi likatimka chini ya gari. Propela ilikuwa imechomoka upande wa nyuma, na ilivyokuwa inazunguka ikajipiga huku na huku mpaka ikakata bomba la breki. Gari likasimama, likasita, likaanza kurudi nyuma.

"Breki! Breki!" Kamanda alipiga kelele, redio ameisahau.

"Hazishiki!" daktari akajibu kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

Fundi na binti walikuwa chini, ndani ya gari lao, wakiliona lile la kijani linakuja kwa mgongo. Binti alichomoka mlangoni, akakumbatia jiwe, akalibwaga nyuma ya gurudumu na kuruka pembeni. Gari lilipanda jiwe, likainama upande mmoja, likatulia. Mke wa daktari aliteremka na chupa yake ya chai ingali mkononi, akaketi chini palepale na kuanza kulia.

Hakuna aliyeumia. Hilo walilirudia mara nyingi. Kisha, kama kawaida ya watu hofu ikishawatoka, walianza kutafuta wa kumkasirikia.

Fundi Kucha alikuwa ameshaingia chini ya gari. Alilala chali kwenye mawe, akaelekeza tochi upande wa nyuma. Bolti mbili hazikuwepo. Ya tatu ilikuwa imepinda na kusuguliwa hadi haina nati wala rangi. Ya nne ilikuwa bado imening'inia na nati yake mwishoni, na juu yake alikuwepo yeye mwenyewe, mstari mwekundu uliokatika, nusu kwenye bolti, nusu kwenye nati, kila nusu imeelekea upande wake.

Alihisi damu inampanda usoni, pale gizani ambapo hakuna aliyemwona. Jasho lilimtoka hadi masikioni. Akasikia juu yake Kamanda anauliza.

"Hii propela si ilifunguliwa wiki hii? Nani aliikaza?"

Kisha sauti ya daktari, taratibu, ya mtu asiyependa kusema anachokisema.

"Mimi nilipokwenda kuchukua gari, nilimkuta binti ndiye yuko chini."

"Haya, basi," Kamanda akasema.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Fundi alifungua mdomo. Aliona jinsi atakavyotoka chini ya gari, vumbi mgongoni, awaambie wote kwamba Fundi Kucha amepaka rangi nati ambayo hakuikaza, na nusura amuue mke wa mtu. Akaufunga mdomo. Kisha akafanya jambo baya zaidi ya kunyamaza. Alitoa bisibisi mfukoni na kuanza kuikwangua ile rangi, kwanza kwenye nati, halafu kwenye bolti, mpaka chuma kikabaki kinang'aa.

Alipogeuza kichwa, binti alikuwa amejilaza pembeni yake na boksi la spana. Fundi hakujua alikuwa pale tangu lini. Binti alitazama bolti iliyokwanguliwa. Akatazama chembe nyekundu zilizoanguka kifuani kwa baba yake. Akamtazama usoni, na macho yake hayakuwa na hasira, ingawa hasira ingemsaidia sana fundi. Yalikuwa ya mtu anayesubiri.

Alisubiri kwa kitambo. Baba akarudisha bisibisi mfukoni.

Binti akajiburuta nje, akasimama, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Ni mimi," fundi alimsikia akisema. "Nilikaza vibaya. Mama, samahani sana. Daktari, naomba msamaha."

Mke wa daktari aligeukia upande mwingine. Kamanda alishusha pumzi na kusema kwa upole ule unaouma kuliko tusi, "Si kosa lako, binti. Kosa ni letu, tulikuharakisha."

*

Kazi ya kulitoa gari pale ilichukua mchana uliobaki. Propela ilitolewa yote, bomba la breki likakunjwa na kubanwa ili mafuta yaliyobaki yasimwagike, na gari likapanda kilima kwa nguvu ya magurudumu ya mbele huku likivutwa kwa kamba. Nati za upande wa mbele, zile za mistari myeupe, zilikataa kufunguka. Fundi alivuta mara moja akaachia. Alimwita binti, binti akaingia, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, na watu waliokuwa wamesimama pembeni wakaona ni sawa kabisa, aliyeharibu ndiye atengeneze. Hakuna aliyejiuliza kwa nini nati za mbele zimekaza vile.

Walipopiga kambi, kungali na mwanga, Kamanda aliwakusanya akatoa hotuba. Alisema kila msafara unahitaji mtu mmoja asiyebabaika. Akamtaja Fundi Kucha. Wakampigia makofi. Mwalimu wa chuo akamletea kiti cha kukunja chenye mahali pa kuwekea kikombe. Fundi aliketi kwenye kile kiti, amezungukwa na shukrani, na sahani yake akaiweka chini ya kiti bila kuigusa. Alimtafuta binti kwa macho. Alikuwa mbali, anasugua masufuria ambayo hakuna aliyemwomba asugue.

Aliondoka kitini, akamfuata daktari aliyekuwa anatandika godoro ndani ya gari la Kamanda.

"Daktari, nina neno."

"Sema, mzee wangu."

"Zile nati za nyuma ni zangu. Mimi ndiye niliyezikaza. Binti alikaza za mbele."

Daktari alimtazama, kisha uso wake ukalainika. Akatabasamu. Akamwekea mkono begani, lile bega la kulia, na fundi akauma meno asipige kelele.

"Mzee, mimi pia nina watoto. Ningefanya hivyohivyo."

"Sifanyi chochote. Nakwambia ukweli. Rangi yangu ilikuwa pale."

"Ilikuwa pale? Mbona niliitazama ile bolti, haina rangi yoyote?" Daktari alicheka kidogo. "Wewe huwezi kukaza nati ukaacha kupaka, mji mzima unajua. Yule mtoto alisahau hata kupaka. Acha, mzee. Yamekwisha, hatumchukii."

Fundi alitaka kusema kwamba aliikwangua. Neno lilifika kwenye ulimi likakaa hapo. Kukubali kwamba umekosea ni jambo moja. Kukubali kwamba ulilala chini ya gari na bisibisi unafuta kosa lako huku mwanao akisemwa juu ya kichwa chako ni jambo jingine. Alisema usiku mwema, na jua lilikuwa bado halijazama.

Njia nzima ya kurudi, yeye na binti walizungumzia gari, njia na hali ya hewa. Walipokaribia nyumbani ndipo alipopata sauti.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

Binti alikuwa anaendesha. Hakugeuka.

"Ningesema nini, baba? Wewe ulikuwa umeshanyamaza."

*

Daktari alileta gari lake propela mpya ilipopatikana. Kamanda alikuja naye, na redio kiunoni, sijui alitegemea kumwita nani pale mjini. Walisalimiana, wakataniana kidogo na fundi, binti wakamsalimia kwa heshima iliyozidi, ile ya mtu unayetaka ajue kwamba umemsamehe.

"Ila mzee," daktari akasema, akiteremsha sauti ingawa gereji ilikuwa chumba kimoja, "za nyuma na za mbele ukaze mwenyewe. Mke wangu amesisitiza."

"Na mwakani," Kamanda akaongeza, "tutakuomba wewe mwenyewe tena. Binti bado mapema."

Binti alichukua tochi kwenye meza, akaenda kusimama karibu na gari, tayari kumulika. Fundi alimwona alivyoishika ile tochi kwa mikono miwili, na nadhani hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yake. Usiku kadhaa alikuwa halali, anageuka upande wa bega zima, na mke wake alishamwambia waziwazi, "Bega nitakusugua, hilo lingine sina dawa yake."

Gari lilikuwa limeinuliwa juu ya stendi, mtu aliweza kuchungulia akiwa amechuchumaa. Fundi akaingia. Akafunga bolti za nyuma, nati zote nne. Akavuta spana kwa nguvu zake zote. Hakujihurumia wala hakuigiza, alivuta mpaka uso ukakunjamana na pumzi ikatoka kwa sauti. Alipomaliza, mkono ulikuwa unatetemeka. Akatoa kichupa cha nyekundu mfukoni, akakitazama, akakiweka sakafuni bila kukifungua.

"Mama, niletee ile spana ya ukutani."

Binti hakusogea. "Baba, si lazima."

"Ilete."

Akaileta. Baba akatoka chini ya gari, akamwonyesha kwa kidevu.

"Pima zangu."

"Aa, mzee, sasa hayo ya nini?" daktari akasema. "Tunakuamini."

"Najua mnaniamini," fundi akasema. "Inameni mtazame. Nati iliyokazwa haitasogea, spana italia palepale. Pima, mama."

Binti aliingia. Daktari na Kamanda wakachuchumaa. Spana ikashika nati ya kwanza, na wote wakasubiri mlio. Haukuja. Nati ilizunguka. Ikaendelea kuzunguka, taratibu, mbele ya macho yao, ndipo ikalia tak. Ya pili ikazunguka zaidi ya ile. Tabasamu la daktari lilikuwa limebaki usoni bila kazi, kisha likaondoka. Alitazama nati, akautazama mkono wa fundi uliokuwa unatetemeka bado.

"Leo nimekaza mnaniona," fundi akasema. "Wiki ile nilikaza hivi hivi na nikapaka. Rangi ilikuwepo kule mtoni, daktari. Niliikwangua kwa bisibisi, na huyu akiniona."

Kamanda aliinamisha macho kwenye viatu vyake. Daktari alifungua mdomo kumwambia fundi neno, na fundi akaona kwenye uso ule mpole si hasira, ni huruma, huruma ya kumtazama mtu aliyekwisha. Alikuwa ameiogopa hiyo kuliko matusi yote ya duniani, na sasa ilikuwa imefika.

"Binti," daktari akasema mwishowe, akichungulia chini ya gari. "Sijui nikwambie nini. Sisi..."

"Zimebaki mbili, daktari," binti akasema kutoka ndani. Mkono wake ukatokeza, umeshika tochi. "Hebu nimulikie."

Daktari alipiga magoti kwenye sakafu ya mafuta na suruali yake safi, akaipokea tochi, akammulikia. Fundi Kucha alikwenda kuketi juu ya tairi kuukuu karibu na mlango, mkono wa kulia ameuweka mapajani. Aliisikia nati ya tatu ikizunguka, ikizunguka, ikalia tak. Akasikia na ya nne. Kisha akasikia kizibo cha kichupa kikifunguliwa, na bila kuangalia alijua ni ile nyeupe.